Maneno mangapi ya Kiingereza yanatosha? Kutoka Kasigau hadi Uchina

Najua wengine mlishaanza kuulizana kama nimeacha kuandika. La hasha! Nilikuwa nimejifungia na kazi moja ndogo ya programu, na leo nataka niwasimulie, maana imenifunza jambo lisilohusu kompyuta peke yake. Linahusu Kiingereza, lugha ambayo sisi Wakenya tunajisifu kuijua, na namna tunavyopima nani anaijua na nani haijui.

Mwaka 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini mkataba wa kuwapeleka wahudumu wetu wa afya kufanya kazi huko. Mwezi Oktoba mwaka huohuo Mutahi Kagwe, ambaye wakati huo alikuwa Waziri wa Afya, akatangaza kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, waliofaulu walikuwa 10 tu. Mnakumbuka kelele zilizofuata? Wengine walicheka, wengine walikasirika, wengine wakawalaumu walimu. Mimi nilibaki na swali moja: mtihani ule ulipima nini hasa? Maneno? Kusoma? Kuandika? Kusikia matamshi ya wenyewe Waingereza? Maana mtu aliyesoma karibu masomo yake yote kwa Kiingereza, akafanya mtihani wa kidato cha nne kwa Kiingereza, akahitimu uuguzi kwa Kiingereza, kisha ukamwambia "hujui Kiingereza", unapaswa kumwambia ni kipi hasa asichokijua. Vinginevyo umempiga kofi gizani.

Swali hilo lilinirudia nyumbani kwangu hapa Voi kupitia kwa mpwa wangu. Amekulia upande wa Kasigau, ambako watu huchimba vito kwa sururu na koleo. Kule ndiko kwenye tsavorite, jiwe la kijani lililopewa jina la Tsavo yetu miaka ya 1970. Kijana huyu akiokota kipande cha mwamba anaweza kukuambia kama kuna dalili ya kitu au ni mawe matupu. Akaenda kusoma mambo ya madini katika chuo kimoja mbali na hapa, jina naliacha. Wiki za mwanzo wakapewa mtihani wa Kiingereza. Jibu alilopewa lilikuwa neno moja tu: dhaifu. Hakuonyeshwa alikosea wapi. Alipokuja likizo alikuwa na kitabu kimoja kinene cha jiolojia na mawazo ya kuacha masomo.

"Mjomba," akaniambia, "huenda hii kazi si ya watu kama sisi."

Basi nikafanya kile ambacho sisi watu wa programu hufanya tukishindwa la kusema. Nikafungua kompyuta, nikaanza kutafuta jinsi msamiati wa Kiingereza unavyopimwa duniani.

Kumbe kuna elimu nzima juu ya jambo hili. Jina utakalokutana nalo kila kona ni Paul Nation, profesa wa New Zealand. Mwaka 1983 alitoa kipimo cha ngazi za msamiati, na mwaka 2007 yeye na David Beglar wakatoa kingine cha kukadiria ukubwa wa msamiati mzima. Hiki cha pili kina maswali 140. Maneno ya Kiingereza yamepangwa kuanzia yale yanayotumika sana hadi yale ya nadra, makundi 14 ya maneno elfu moja moja, na kila kundi limetolewa maswali 10. Unapewa neno ndani ya sentensi fupi, kisha majibu manne uchague moja. Ukimaliza, alama zako unazidisha kwa 100. Ukipata 60, inakadiriwa unajua familia 6,000 za maneno.

Familia ya neno ni nini? Sisi Waswahili hatuhitaji maelezo marefu. Soma, somo, msomi, msomaji, kisomo, somesha: hiyo ni familia moja. Ukijua mzizi, wengine unawatambua kwa sura.

Sasa angalieni uzuri mmoja na tatizo moja. Uzuri ni kwamba kipimo hiki kina matoleo ya lugha mbili. La Kichina lipo: neno linaulizwa kwa Kiingereza, majibu manne yako kwa Kichina. Hii ni busara kubwa. Majibu yakiwa kwa Kiingereza, mwanafunzi anaweza kulijua neno lililoulizwa lakini akashindwa kuelewa sentensi ya jibu. Hapo utakuwa umempima kitu kingine.

Tatizo ni la hesabu. Maswali 140, majibu manne kila moja. Mtu asiyejua neno hata moja akibahatisha tu, atapata wastani wa 35. Zidisha kwa 100: maneno 3,500 ya bure! Suluhisho linaloonekana jepesi ni kuongeza jibu la tano, "sijui". Mwaka 2013 mtafiti Xian Zhang alichapisha kazi aliyoifanya na wanafunzi wa chuo kikuu wa Uchina juu ya jambo hilihili. Jibu la "sijui" lilipunguza ubahatishaji, lakini pia liliwazuia wale waliokuwa na fununu ya neno wasijaribu. Kwa hiyo hata kitufe kimoja kwenye skrini kinabadilisha alama ya mtu. Sisi tunaoandika programu tunapaswa kulifikiria hilo kabla ya kulala.

Wengine mtauliza: haya, na mtu anahitaji maneno mangapi? Hapa ndipo habari inaponoga. Watafiti huangalia ni asilimia ngapi ya maneno ya ukurasa msomaji anayajua. Chukua ukurasa wa maneno 300. Ukijua asilimia 98, maneno usiyoyajua ni 6 tu, unaweza kuyabahatisha kutokana na mengine. Ukijua asilimia 95, yanakuwa 15. Ukijua asilimia 90, yanakuwa 30, yaani neno moja katika kila 10 ni shimo. Jaribu kutembea barabara ya namna hiyo usiku! Nation alipiga hesabu mwaka 2006 kwamba kufikia asilimia 98 katika maandishi ya kawaida kama riwaya na magazeti, unahitaji familia 8,000 hadi 9,000.

Kwa mwanafunzi wa chuo kuna njia ya mkato. Mwaka 2000 Averil Coxhead, naye wa New Zealand, alikusanya maandishi ya kitaaluma yenye maneno kama milioni 3.5, akatoa orodha ya familia 570 zinazojirudia katika masomo ya kila aina. Maneno yale ya kawaida kabisa, kama 2,000, ambayo Michael West aliyaorodhesha mwaka 1953, yalikuwa asilimia 76 hivi ya maandishi hayo. Zile 570 zikaongeza asilimia 10. Jumla 86. Bado inabaki 14, yaani neno moja kati ya kila 7, na humo ndimo mnamokaa maneno ya fani yenyewe: ya jiolojia, ya sheria, ya udaktari.

Nilipomwonyesha mpwa wangu hesabu hii alikaa kimya kidogo. Mimi nimesoma shule za hapahapa Taita Taveta hadi chuo, na hakuna mwalimu hata mmoja aliyewahi kuniambia idadi. Tuliambiwa tu "soma sana". Ilhali Uchina, masharti ya Kiingereza cha vyuo vikuu ya mwaka 2007 yalitaja kiwango cha msingi kwa tarakimu: maneno 4,795 na mafungu ya maneno 700. Mwanafunzi wa kule alijua mlima una urefu gani kabla hajaanza kupanda.

Nikasema vizuri, nitachukua wazo la toleo la Kichina, niweke Kiswahili. Lakini kabla sijaandika mstari wa kwanza wa programu, nikaona jambo ambalo Mchina halimsumbui.

Fikiria neno "engine". Kwa Kiswahili jibu ni injini. Mtu asiyejua Kiingereza kabisa atachagua injini kwa sikio tu! Vivyo hivyo benki, hospitali, betri, tairi, breki, pampu, kompyuta. Kiswahili kimekopa sana, na mkopo huo unavuja ndani ya mtihani. Kichina kina mikopo ya sauti pia, kama kafei kwa kahawa na shafa kwa sofa, lakini mara nyingi wao huunda neno lao. Kompyuta wanaiita diannao, "ubongo wa umeme". Treni ni huoche, "gari la moto", ndugu kabisa na gari moshi letu. Kwa hiyo kwenye toleo la Kichina sauti ya jibu haimnong'onezi mtu kitu. Kwenye la Kiswahili inampigia kelele.

Na hili si wazo langu peke yangu. Mwaka 2013 Irina Elgort alichapisha utafiti wa wasemaji wa Kirusi waliofanya kipimo hichohicho. Maneno yanayofanana na ya Kirusi yalijibiwa vizuri zaidi kuliko yale yasiyofanana.

Msiseme basi tuyaondoe yote. Mkopo ni mali ya mwanafunzi. Mtu wa Voi anayesoma kitabu cha ufundi kweli anafaidika kwamba "pump" ni pampu. Tena faida nyingine zina historia ndefu: "sugar" na sukari, "coffee" na kahawa, hata "monsoon" na msimu, yote yalipita kwa Waarabu kabla ya kuwafikia Waingereza. Cha muhimu ni kuyahesabu mbali, ili ujue alama zipi ni za kujifunza na zipi ni za urithi.

Halafu kuna mikopo yenye mtego. Ukishuka stendi ya Voi ukauliza hoteli, utaelekezwa mahali pa chai na mahamri au pilau. Kitanda hakuna! Sasa mwanafunzi anayesoma "hotel" kwenye kitabu cha utalii anaona picha ya mahali pengine kabisa. Anaamini analijua neno, na ndiyo hatari yake.

Kuna aina nyingine ya kipimo, ambayo sisi watu wa kompyuta tunaipenda kwa sababu ni rahisi kuiandika. Unaonyeshwa maneno, mengine ya kweli na mengine ya kubuni, unajibu ndiyo au hapana. Paul Meara na wenzake waliitangaza miaka ya 1980. Maneno ya kubuni ndiyo askari wa lango: mtu anayesema ndiyo kwa kila kitu anakamatwa. Kipimo cha LexTALE cha mwaka 2012 kina maneno 40 ya kweli na 20 ya kubuni, na kinachukua kama dakika 5.

Lakini mweke hapo mtu wa Pwani. Muonyeshe "pale", "vile", "wake", "mate", "pole". Macho yake yanayafahamu yote tangu utoto. Kwa Kiingereza "pale" ni rangi iliyopauka, "vile" ni kitu cha kuchukiza, "wake" ni kuamka, "mate" ni mwenzi, "pole" ni nguzo. Yeye anasema ndiyo, ndiyo, ndiyo, na huenda hajui hata moja. Hata "same", watu wa Taveta watakuambia ni mji ule wa Upareni, ng'ambo ya mpaka. Mwanafunzi wa Kichina hana shida hii, maandishi yake ni mengine kabisa. Nikayaondoa maneno hayo yote kwenye faili langu kwa programu ndogo iliyolinganisha orodha ya Kiingereza na orodha ya maneno ya Kiswahili. Kazi ya dakika chache, lakini lazima mtu aifikirie.

Sasa tuje kwenye kusoma. Kujua maneno na kusoma ni ndugu, si pacha. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo sisi tunazoea mapema kwamba ukiweza kutamka umeshasoma. Mwaka 2016 Benjamin Piper na wenzake walichapisha utafiti wa watoto wa shule za msingi Kenya. Watoto walisoma Kiingereza kwa sauti, kwa kasi kuliko Kiswahili, lakini walichokielewa zaidi kilikuwa Kiswahili. Midomo ilikuwa inakwenda, habari haiingii. Mtoto huyo akikua na akafika chuo, mwalimu akimsikia anasoma vizuri darasani ataamini mambo yako sawa.

Na kuna neno unalolijua ambalo kitabu kinalitumia vingine. Mpwa wangu alilijua "vein" tangu somo la baiolojia: mshipa wa damu. Kwenye jiolojia ni mkanda wa madini uliopenya ndani ya mwamba. "Face" alijua ni uso. Kwa wachimbaji ni ule ukuta wa mwisho unaoendelea kuchimbwa. Vitu vyenyewe alivijua vyote, amevigusa kwa mikono yake kule Kasigau tangu akiwa mdogo! Alichokosa ni majina yake kwa Kiingereza. Mtihani wa chuo ulichanganya hayo mawili, kutojua jina na kutojua kitu, ukaandika dhaifu.

Basi hiki ndicho nilichokitengeneza. Ni ukurasa mmoja tu wa HTML na JavaScript, faili moja, dogo kuliko picha ya simu. Linatumwa kwa WhatsApp au Bluetooth, linafunguka bila intaneti, maana bando si bure na mtandao wa milimani Taita mnaujua wenyewe. Majibu yanabaki kwenye simu ya mwenyewe, hayatumwi popote. Lina sehemu tatu. Ya kwanza ni maneno ya kawaida. Ya pili ni zile familia 570 za kitaaluma. Ya tatu ni aya fupi za fani, na maswali yake yameandikwa kwa Kiswahili ili nipime kama umeielewa aya, nisikupime kwa Kiingereza cha swali. Jibu la "sijui" lipo, na aliye na fununu anaambiwa wazi kwamba anaruhusiwa kujaribu. Kila neno kwenye data lina alama ya mkopo au si mkopo, na alama zake zinatolewa mbalimbali.

Jambo la mwisho, ambalo kwangu ndilo la kwanza: programu haitoi neno kama dhaifu au hodari. Inatoa orodha ya maneno uliyoyakosa, yakianza yale yanayotumika zaidi.

Mpwa wangu alikaa nayo jioni moja hapa Mwakingali. Maneno ya kawaida aliyajua vizuri. Aya za kusoma alizielewa kila palipokuwa na maneno anayoyajua. Alikokwama ni kwenye yale ya kitaaluma, maneno ambayo hayasemwi sokoni wala kanisani wala kwenye matatu, na hakuna aliyewahi kuyakalia na kumfundisha. Akaitazama orodha kwa muda.

"Mjomba, kumbe ni haya tu?"

Nikamwambia hata kama angekuwa hajui zote 570, familia 10 kwa siku ni siku 57. Hazijai miezi miwili. Yeye alizikosa chache kuliko hizo. Akazinakili kwenye daftari kwa mkono, akarudi chuoni nalo. Hadi leo yuko darasani, na ujumbe anaonitumia siku hizi ni wa kubishana nami kwamba tafsiri yangu ya neno fulani la madini si sahihi. Nafurahi sana kubishana.

Nimalize na kichekesho kimoja. Tangu mwaka 2017 treni ya SGR, reli iliyojengwa na kampuni ya Uchina, inasimama hapa Voi, na vijana kadhaa ninaowajua walijifunza Kichina wakitafuta kazi. Mtihani wa Kichina wa HSK, kwa mpangilio ulioanza mwaka 2010, ulitaja maneno 150 kwa daraja la 1, 1,200 kwa daraja la 4 na 5,000 kwa daraja la 6. Muulize kijana huyo ana maneno mangapi ya Kichina, atakujibu papo hapo. Muulize ya Kiingereza, lugha aliyofundishiwa kuanzia madarasa ya chini, atakuangalia tu. Tunaijua hesabu ya lugha ya mgeni kuliko ya lugha tunayofanyia karibu mitihani yetu yote!

Kwa hiyo walimu wa sekondari, na ninyi mlio Chuo Kikuu cha Taita Taveta ambako madini yanafundishwa hapahapa kwetu, faili liko tayari, ni la bure, na msimbo wake uko wazi mtu yeyote aubadilishe. Ninachohitaji sasa ni aya za fani nyingine: kilimo, uuguzi, utalii. Na mwenye kujua Kidawida vizuri, nina hamu ya kuweka majibu kwa Kidawida pia, maana wapo wanafunzi wa milimani ambao hata Kiswahili ni lugha waliyoikuta shuleni. Tuletee maneno, tuyapange.

Haya, tuonane wiki ijayo.